Ndege Juu ya Maji

Tulipokuwa watoto Mikumi, mama alikuwa na tabia ya kutazama juu. Jua likishapata moto aliacha birika lake la chai, akatoka kwenye kivuli cha kibanda, akainua uso na kutafuta ndege. Barabara kuu inayokata mbuga iliua usiku kucha. Malori yaligonga swala, nyati, mara moja twiga mchanga, na asubuhi tai walikuja kuonyesha mahali. Walizunguka polepole, mmoja juu ya mwingine, kama uji unaokorogwa na mtu asiye na haraka. Mama aliwauzia madereva chai na maandazi, na baba aliziba pancha kando yake.

"Mbele huko kuna mzoga," mama alimwambia dereva huku akimmiminia chai. "Nenda taratibu, fisi bado wako barabarani."

Dereva alicheka, akaenda, na safari nyingine aliporudi alimsalimia mama kwa heshima zaidi.

Kwa hiyo mimi na kaka yangu tulikua tukisoma anga. Mbuzi wa jirani akipotea, watoto wengine walifuata nyayo. Sisi tulitazama juu. Kukiwa kweupe tulirudi kucheza, maana tulijua mbuzi yu hai mahali fulani, anakula mahindi ya mtu. Kukiwa na ndege, tulikwenda kumwita mwenyewe aje na kisu, kuokoa angalau ngozi.

Baba alipofariki tulihamia Kilosa, kwa ndugu wa mama, pale Mabwerebwere. Masika moja mto Mkondoa ulivunja tuta, ukaingia mitaani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, ukachukua jiko letu, mahindi ya jirani na mjomba wangu, mdogo wake mama wa mwisho. Maji yalipopungua wanaume walipita kwenye tope wakichomachoma kwa miti mirefu. Mama hakuchoma popote. Alisimama juu ya tuta la reli, kanga mabegani, akatazama. Walikuja kunguru kwanza. Wakaja mwewe. Mwishowe walishuka kongoti, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaotembea kama wazee waliokasirika. Mama akasema, "Yule pale."

Alikuwa pale. Namkumbuka mama akiingia kwenye tope hadi magotini, akiwafukuza kongoti kwa kanga yake, kisha akimfunika mjomba kwa kanga hiyohiyo. Hakulia mpaka alipotoka. Tangu siku ile kifo kwake kilikuwa kitu kinachotangazwa kutoka juu, na asiyetangazwa hajafa.

Nimeanza mbali, lakini bila hayo huwezi kuelewa alichokuja kutufanyia mama, kaka yangu alipofia baharini.

Kaka alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufanya kazi kwenye maji yasiyo na ng'ambo. Rafiki yake alimwita aende Pangani, akawa baharia kwenye mashua ya tanga inayobeba wageni kwenda kuangalia viumbe. Aliporudi Kilosa kwa sikukuu alikuwa amekuwa mweusi zaidi na mwembamba zaidi, na hakuacha kusimulia. Alimwoa msichana wa Dumila aliyekuwa akiuza nyanya kituo cha basi, akamwacha kwa mama, akasema atarudi kujenga. Kutoka huko alinitumia sauti kwa simu karibu kila wiki, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika, na alitaka viumbe vyake viandikwe.

"Mdogo wangu, sikiliza hii," alianza, upepo ukipiga simu kama mtu anayekung'uta shuka. "Huku kuna jongoo. Usicheke. Jongoo wa baharini, mnene kama mkono wangu, analala mchangani anakula mchanga. Ukimshika anakutapikia utumbo wake. Nimemshika. Usimwambie mama."

Au: "Leo nimeona kasa anakula majani. Kuna majani chini ya bahari, unasikia? Shamba zima, yanayumba kama mpunga wa kule bondeni. Anakula polepole kama ng'ombe, anapanda kuvuta pumzi, ananitazama, anarudi chini. Nilitaka kumwambia shikamoo."

Nyuma ya sauti yake watu walicheka. Nilikuwa nikizisikiliza nikiwa nimekaa kwenye kizingiti, mbele yangu kuku na vumbi la bodaboda, na niliona wivu.

Siku moja iliita namba yake, lakini aliyezungumza alikuwa nahodha. Alitoa salamu kamili, akauliza kama nimekaa. Kisha akaeleza. Walikuwa wanageuza tanga, upepo ukabadilika ghafla, foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga juu, ukazunguka na kumpiga kaka kichwani. Alianguka majini. Bahari ilikuwa imechafuka. Waligeuza, wakarudi, wakazunguka mpaka mafuta ya mashine yakakaribia kwisha. Mashua nyingine zilikuja kusaidia. Hawakumwona tena.

Nilimwambia mama kama nilivyoambiwa. Aliniuliza, "Wamemwona?"

"Hawajamwona, mama."

"Basi."

Jirani mmoja alikuwa amesikia. Kwetu msiba hauna haja ya kualikwa. Kabla ya adhuhuri wanawake walianza kuingia uani na mikeka kwapani, mmoja na kuni kichwani, mwingine na unga kwenye beseni. Mama alisimama mlangoni.

"Hapa hakuna msiba," alisema. "Rudini makwenu, nawashukuru."

Waliangaliana. Mama mmoja mwenye umri wake alijaribu. "Dada yangu, pole, tumeambiwa..."

"Mmeambiwa na nani? Nani kamwona? Kunguru hata mmoja?"

Wakakunja mikeka iliyokuwa imeshatandikwa, wakabeba kuni zao, wakaondoka bila kuagana vizuri. Sijawahi kuona kitu kibaya zaidi ya mikeka ya msiba inayorudishwa nyumbani.

Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa imesimama mguu mmoja. Shekhe wa msikitini alikuja, akakaa kwenye kigoda, akamweleza mama kwa upole kwamba kaka ameonekana akianguka na wenzake wameshuhudia, na kwamba ipo swala ya kumswalia aliye mbali. Mama alimkaribisha chai. Alisema mwanawe atakapokufa shekhe atajulishwa. Shekhe akanywa chai, akaondoka. Hakutaka kumswalia mtu ambaye mama yake ameketi pale akisema yu hai.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa wifi yangu. Alikuwa msichana wa maneno mengi, mtu wa kituo cha basi, mwenye kumjibu kondakta mpaka kondakta anyamaze. Sasa hakujua akae vipi. Kama ni mke, alipaswa kwenda sokoni, kuchekeshwa, kupaka hina kwenye harusi ya jirani. Kama ni mjane, alipaswa kukaa eda, kuvaa nguo za kawaida zisizo na mapambo, watu waje wampe pole. Akitoka, watu walimsema. Akikaa ndani, mama alimuuliza, "Unamkalia nani eda humu?" Kila Ijumaa mama alimpa mashati ya kaka ayafue, na aliyafua, mashati safi yasiyovaliwa na mtu, akayaanika.

Jioni moja, tukianua nguo, aliniambia bila kunitazama, "Wifi, mimi ni nani humu ndani?"

Niliendelea kukunja shati la kaka. Na mimi ndiye mtu wa maneno katika nyumba ile.

Hatimaye mama mwenyewe akanituma. "Nenda huko," alisema. "Wewe tangu utotoni ni mtu wa kuangalia vitu. Wale ni watu wa samaki, wanatazama chini tu. Wewe tazama juu. Ukiona ndege, nitakubali. Usipoona, uniletee mwanangu."

Wifi alinisindikiza mpaka stendi. Alinibebea begi kwa nguvu, kama anataka kunipokonya. "Rudi na chochote," alisema. "Lakini usirudi na labda."

Nilifika Pangani nikiwa na vumbi la njia nzima masikioni. Nahodha alikuwa mtu mfupi, wa makamo, mwenye macho mekundu ya chumvi. Nilimwamkia. Alipokea, akanitazama kwa muda.

"Wewe ndiye wa simu," akasema. "Alikuwa akitunyamazisha ili arekodi. Huyu hapa alikatazwa kutukana mpaka simu izimwe."

Aliyeonyeshwa, baharia kijana wa umri wangu, alikuwa akikausha kamba. "Na nilikuwa nateseka," alisema. "Dada, karibu. Kwenu si mnawaona samaki wakiwa kwenye chumvi tu? Leo utawaona wakiwa na macho."

Nikacheka. Nilijichukia kwa kucheka, lakini nilicheka, na niliona nahodha amefarijika.

"Nitakupeleka mpaka pale," nahodha alisema. "Ila nisikudanganye, mwanangu. Hatuendi kutafuta. Tunakwenda uone."

Tuliondoka asubuhi, bahari ikiwa imekupwa. Mdomo wa mto ulikuwa na mikoko pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza niliona mizizi yake ikiwa wazi, iliyojipinda na kuingia kwenye tope kama vidole vya mtu anayeng'ang'ania. Chini yake kaa walitembea kwa maelfu, kila dume na gando moja kubwa jekundu alilolipunga. Kaka alikuwa amenieleza juu yao, kwamba wanapungia wanawake. Hakunieleza kwamba wanakula kila kinachooza. Niliwatazama wakichambua tope na kupeleka midomoni, haraka haraka, kama wanawake wanaochambua mchele, na nikageuza uso.

Mbegu za mikoko zilielea kando ya mashua zikiwa wima, ndefu na za kijani, kama kalamu zilizoangushwa. Baharia alichota moja akanipa. "Hii inaelea miezi," alisema. "Ikikuta tope inasimama, inakuwa mti."

"Na isipokuta?"

Alifikiri. "Inaoza, dada."

Tukatoka kwenye mto. Tanga lilipandishwa, na foromali ikapanda nalo juu ya vichwa vyetu, mti mrefu wenye viungo vilivyofungwa kamba, na sikuweza kuacha kuutazama. Baharia aliona ninachotazama, akasogea akakaa kati yangu na mti huo.

Nataka kusema bahari ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya. Maji yalibadilika kutoka rangi ya mto kuwa ya kijani, kisha ya buluu, na chini nikaliona lile shamba la majani, likiyumba kama kaka alivyosema. Kasa alipanda, kichwa chake kama jiwe lenye macho, akavuta pumzi kwa sauti ya mzee anayeinuka kitini, akazama. Tulipita juu ya matumbawe ya zambarau na ya manjano, kiti cha pweza chekundu, kile kiumbe chenye umbo la nyota, kikiwa kimejibandika juu yake kwa mikono yake mitano. Konyeza walielea, wale viumbe kama mifuko ya plastiki iliyo hai, na kati yao ilielea mifuko ya plastiki kwelikweli, nami sikuweza kutofautisha mpaka nilipoonyeshwa. Pomboo walikuja, wakaruka mbele ya mashua, migongo yao iking'aa, na walikuwa na furaha, ile furaha ya bure kabisa, na nilitamani nipate kitu cha kuwatupia.

Kila kitu alichokuwa akiniambia kaka kilikuwa kweli. Kila kimoja kilikuwa mahali pake, kinaendelea na kazi zake. Yeye tu ndiye hakuwepo.

"Hapa," nahodha alisema.

Palikuwa kama mahali pengine popote. Mawimbi, mwanga, kisiwa cha mchanga mbali kikiwa kimejitokeza kama mgongo wa mnyama. Nahodha alivua kofia. Nilisoma Fatiha kimoyomoyo, kisha nikakumbuka sijatumwa kuomba. Nimetumwa kutazama juu.

Nikatazama. Nikawaona.

Walikuwa upande wa mashariki, wengi, weupe, wakizunguka. Mmoja juu ya mwingine, kama uji unaokorogwa. Nilisimama kwenye mashua, kitu ambacho nilikuwa nimekatazwa, nikashika bega la nahodha.

"Wale pale! Geuza! Nahodha, yuko pale, geuza!"

Baharia aliangalia nilikoonyesha, akaangua kicheko. "Dada, wale ni membe, wana..." Kisha akaniona uso. Akaona ninachodhani. Kicheko kikamkauka mdomoni, na nikamwona mtu mzima akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Nahodha angeweza kunieleza palepale. Alisukuma usukani, akawasha mashine, akanipeleka. Mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au alijua nisingesadiki kwa kuambiwa.

Njiani nilijitayarisha. Nilivua mtandio wangu nikaushika mikononi, kama mama alivyoshika kanga yake kwenye tope la Mkondoa, ili nimfunike. Nilifikiria nitamshika wapi. Nilifikiria kama uso wake utakuwepo.

Tulipokaribia, bahari ilikuwa inachemka. Maji yalirukaruka kana kwamba mvua inanyesha kutoka chini. Dagaa wadogo walimwagika juu kama sindano, na chini yao jodari walipita kwa kasi wakiwakimbiza, migongo myeusi, wakiruka nje na kuanguka kwa kishindo. Membe, wenye kofia nyeusi na mabawa makali, walijitupa majini na kutoka na kitu kinachometa mdomoni. Kelele zao zilikuwa kama za shule iliyofunguliwa milango. Hapakuwa na kitu kilichokufa. Sijawahi kuona mahali penye uhai kiasi kile.

Nikakaa chini. Mtandio ulikuwa bado mikononi mwangu.

"Kwetu..." nilianza, nikashindwa.

"Kwenu ndege wanafuata mizoga," baharia alisema polepole. "Alituambia. Siku zake za kwanza na yeye alipiga kelele hivyohivyo. Tulimcheka wiki nzima."

"Huku wanafuata walio hai," nahodha alisema. "Aliyekufa huku anakwenda chini, na akipanda, mkondo umeshampeleka kwingine. Hakuna ndege wa kumtangaza, mwanangu. Ndiyo maana nilipiga simu siku ileile."

Turudi, nikasema. Tukarudi.

Nilifika Kilosa mchana. Mama alikuwa uani amekaa kwenye mkeka mdogo, ungo mapajani, anachambua mchele. Wifi alikuwa kwenye kamba ya nguo. Ilikuwa Ijumaa, na mashati yalikuwa mikononi mwake. Nilimwamkia mama. Alipokea bila kuinua uso.

"Umetazama?"

"Nimetazama, mama."

"Ndege?"

Ningeweza kusema ndiyo na nisiwe nimesema uongo. Njia nzima, kwenye basi, nilikuwa nimelibeba neno hilo moja. Walizunguka, mama, wengi, karibu na pale alipoanguka. Angekubali. Lakini nilimwona wifi amesimama na shati linalodondosha maji, na nikajua kwamba siku moja mtu wa pwani atapita na kueleza ndege wale ni wa nini, na kila kitu kitaanza upya. Kwa hiyo nilisema yote. Nilieleza kuhusu majani na kasa. Nilieleza kaa. Nilieleza membe walivyozunguka, nilivyopiga kelele, nilivyovua mtandio, na nilichokuta chini yao.

Mama aliacha kuchambua. "Samaki," alisema.

"Samaki, mama. Wazima."

"Kwa hiyo huko ndege wanaita watu waje kula."

"Ndiyo."

"Na mtu akifa?"

"Hawasemi kitu. Hawafiki alipo."

Alikaa akitazama mchele. Vidole vyake viliokota kijiwe kimoja, vikakigeuza, vikakiweka pembeni. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sasa huko mtu akifa nani anasema?"

"Wenzake. Nahodha alisema, mama. Alisema siku ileile, na mimi nikakwambia."

"Na mimi nikawarudisha watu na mikeka yao."

Aliweka ungo chini kwa uangalifu, mchele usimwagike. Akainuka, akashika kiuno, akaenda mpaka kwenye kamba ya nguo. Alichukua shati kutoka mikononi mwa wifi, akalikamua, akalikunja likiwa bichi, akaliweka begani mwake mwenyewe.

"Mwanangu," alimwambia, "ingia ndani ukae. Usifue tena."

Wifi alimtazama, akanitazama, kisha akanishika mkono kwa nguvu.

Mama alitembea mpaka katikati ya uwanja, pale anapoonekana kutoka nyumba zote. Kwa mazoea alitazama juu. Anga ya Kilosa ilikuwa nyeupe na tupu, hata mwewe hayupo. Akashusha uso. Akaweka mikono kichwani, akafungua mdomo, akapiga yowe, refu, la nguvu zake zote, lile ambalo kwetu likipigwa mtu huacha sufuria jikoni ikiungua. Akavuta pumzi, akapiga la pili, na ndani yake akalitaja jina la kaka yangu na neno amekufa.

Mlango wa jirani ukafunguka. Yule mama mwenye umri wake alitoka mbio, bila viatu, mkeka uleule kwapani.